Boliti ya Pili

Siku wapaka rangi walipokuja kuugeuza ukuta wa gereji kuwa wa buluu, Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawapa mgongo. Kwa miaka ishirini na miwili ukuta ule ulikuwa mwekundu. Mwenyewe aliupaka, mwenyewe akaurudia kila ulipobanduka, kwa sababu pikipiki alizozijua na kuziapia zilikuwa nyekundu. Kwenye mbio za pikipiki za kuruka matuta watu hugawanyika kwa rangi: kuna watu wa nyekundu, kuna watu wa buluu, na hawaazimani hata spana.

"Fundi," mmoja wa wapaka rangi alimwita kutoka juu ya ngazi, "si wewe uliyesema buluu ni masufuria yaliyofungwa magurudumu?"

"Paka rangi wewe."

"Napaka. Nauliza tu, hili sufuria nalo utalipikia nini?"

Wenzake walicheka mpaka ngazi ikatikisika. Mama Cheche, ambaye alikuwa mlangoni na cherehani yake akishona vifuniko vya viti vya pikipiki, hakucheka. Alijua kilichomleta mumewe kwenye ndoo ile. Duka la nyekundu lilifungwa mwaka juzi, na tangu hapo spea zimekuwa za kuombaomba. Msimu uliopita binti yao alishindana na mkono wa klachi uliochongwa kutoka chuma cha kitanda. Mtu hawezi kula rangi ya ukuta.

Wiki moja kabla, Wakala wa buluu, mwenye duka la pikipiki hizo, alikuja mwenyewe. Alipokaribishwa kiti alitoa leso, akakifuta, akaitazama leso, ndipo akakaa.

"Nimemwona binti yenu akiruka matuta na lile gofu," alisema. "Mpandaji ni mpandaji. Nampa pikipiki mpya kabisa kwa mashindano manne. Akimaliza msimu katika tatu bora, ni mali yake. Gereji tutaipaka buluu na kuweka bango kwamba wewe ni fundi aliyeidhinishwa na duka. Wateja wangu wote wa upande huu watakuja kwako. Ile nyekundu mtaniletea niibomoe vyuma."

"Na hiyo mpya ikiharibika?" Mama Cheche aliuliza.

"Ikiharibika kwa ajali ya mbio, mama, ni juu yangu. Ikiharibika kwa uzembe wa matunzo, ni juu ya aliyezembea. Kama ni mpandaji, anashuka na injini anailipa. Kama ni fundi, hivyo hivyo, na bango linashuka naye."

Fundi alitia saini. Akapewa na shati la buluu lenye nembo ya duka, dogo kwa tumbo lake. Mama Cheche alilifumua ubavuni akaongezea kitambaa, na kitambaa kigumu alichokuwa nacho kilikuwa kipande cha ovaroli kuukuu, chekundu. Msimu mzima Fundi alitembea mikono imebana mbavu kama mtu mwenye baridi.

Pikipiki ililetwa asubuhi, imefungwafungwa makaratasi kama yai. Cheche aliyabandua polepole. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye kovu kidevuni, na jina la Cheche alipewa na watu wa uwanjani kwa namna alivyokuwa akichomoka kwenye mstari. Mtaa mzima ulimwita baba yake Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita Baba.

"Baba, naomba niiwashe."

"Huiwashi. Kaa hapo, tazama."

Kwanza alikaza kila nati. Kisha akazigonga spoki moja moja kwa bisibisi, akisikiliza, maana spoki iliyolegea hulia kama kikombe chenye ufa. Akaitoa sponji ya kichujio cha hewa, akaipaka oili kwa vidole, akiiminya kama mtu anayekanda unga, ili vumbi linase humo lisifike kwenye injini. Akapima upepo wa matairi, akalegeza mnyororo upana wa vidole vitatu. Aliyafanya yote hayo kwa upole wa ajabu kwa mtu aliyekuwa akiitukana rangi ile tangu ujana wake.

Kesho yake walikwenda uwanjani kuilainisha. Cheche anaiendesha robo saa akivuta mafuta nusu tu, kisha inazimwa mpaka ipoe kiasi cha kuweka kiganja, kisha inawashwa tena. Mara tatu.

"Injini mpya ni kama kiatu kipya," Fundi alisema. "Ukikimbia nacho kabla hakijakuzoea, kinakutoa malengelenge."

Waliporudi, Fundi alilala chini ya pikipiki kumwaga oili ya kwanza, ile inayobeba unga wa chuma wa vyuma vinavyozoeana. Akatafuta boliti, akaipata, akaifungua. Oili ikatoka laini, ya rangi ya asali.

"Ona!" aliwaambia wateja wawili waliokuwa wakisubiri pikipiki zao. "Unga wa chuma hamna. Safi kama ya chupani. Hawa buluu, nawapa haki yao, wanajua kutengeneza."

Cheche alikuwa ameketi kizingitini na kitabu cha maelekezo mapajani.

"Baba, kitabu kinasema humu kuna oili mbili. Ya injini peke yake, ya gia peke yake. Kila moja ina boliti yake. Njoo uone mchoro."

Wateja wakageuza shingo. Fundi hakutoka chini ya pikipiki. Kusoma kwake kulikuwa kwa kudonoadonoa, na hakupenda kudonoa mbele za watu.

"Mwanangu, mimi nafungua injini tangu hujaota meno. Oili ni moja. Inazunguka humo humo, inalainisha injini, inalainisha gia."

"Hiyo ni nyekundu, Baba. Hii..."

"Injini ni injini!"

"Eh, Fundi," mteja mmoja akadakia, "siku hizi unafundishwa kazi na uliyemzaa?"

Yule mwenzake akacheka kwa pua. Basi, likawa limekwisha. "Kitabu kimeandikwa na watu wa kuvaa tai," Fundi alisema. "Kirudishe ndani kisije kikaingia grisi." Cheche akakirudisha, akakiweka juu ya kabati, kwenye sahani za wageni.

Kwa nyekundu, Fundi alikuwa amesema kweli tupu. Lakini boliti aliyoifungua kwenye hii ya buluu ilikuwa ya gia. Ya injini ilikuwa upande wa pili, umbali wa vidole vinne, na haikuguswa siku ile, wala Jumamosi iliyofuata, wala nyingine zote. Kila Jumamosi Fundi alilala chini ya pikipiki na kumwaga oili nzuri, akatia oili nzuri, akasifu usafi wake. Oili ya injini ilibaki mle mle na unga wake wa chuma, ikiungua na kupungua.

Mtu angesema pikipiki ile ilitunzwa vibaya, angekuwa mwongo. Kila baada ya mbio ilioshwa kwa maji ya taratibu, mdomo wa bomba la moshi umezibwa kwa mfuko, mnyororo umesuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Sponji ilifuliwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini kwenye kamba ya Mama Cheche, kati ya shuka na soksi. Jirani mmoja aliuliza kama ni mto wa mtoto mchanga.

"Ndiyo," Mama Cheche alimjibu. "Tumezaa uzeeni."

Shindano la kwanza Cheche alikuwa wa tatu. La pili, wa pili. Bango lilikuwa juu, wateja wa buluu wakaanza kuja. Fundi akanunua mabati ya kufunika sehemu ya nyuma iliyokuwa ikivuja, na watu waliomcheka kwa kuhama rangi wakaanza kumwuliza bei ya kubadilishiwa mnyororo.

Shindano la tatu, mzunguko wa mwisho, Cheche alikuwa mbele. Alitoka kwenye kona ya mchanga, akaliruka tuta kubwa, na alipotua injini ikatoa sauti kama mtu anayetafuna kokoto. Gurudumu la nyuma likakwama. Akabana klachi, pikipiki ikayumba, akaishika isianguke. Wenzake wakampita mmoja mmoja wakimmwagia vumbi.

Alishuka, akaitoa kwenye gia, akaanza kuisukuma.

"Pika, dada, mbona moto umezimika!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye uzio.

"Nyekundu ingefika!"

"Fundi! Njoo uchukue sufuria lako!"

Palikuwa na kilima kimoja kabla ya mstari. Alikisukuma kwa bega, buti zikiteleza, na Fundi akiwa upande wa pili wa uzio alitembea sambamba naye bila kumgusa, maana sheria hairuhusu mpandaji kusaidiwa. Alifika wa mwisho. Hata hivyo, pointi zilipojumlishwa bado alikuwa wa tatu, na shindano moja lilikuwa limebaki.

"Ni mbio tu, Baba," alisema akivua kofia. Meno yake yalikuwa na vumbi. "Wakala atasema ni mbio. Watatia injini nyingine, nitashinda la mwisho."

"Ni mbio tu," Fundi aliitikia. Lakini kiganja chake kilikuwa kimeshagusa ubavu wa injini, na joto alilolikuta pale halikuwa la mbio.

Jumatatu walikwenda dukani. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe. Mlinzi aliwaonyesha mstari wa manjano, akawaambia wasiuvuke kwa viatu vya gereji.

"Mimi ni fundi aliyeidhinishwa," Fundi alisema, akaigusa nembo kifuani.

"Naona, mzee. Lakini vigae vimepigwa deki sasa hivi."

Wakasimama nyuma ya mstari, baba na binti, wakaitazama pikipiki yao ikiinuliwa juu ya meza. Fundi wa duka, kijana waliyemwita Miwani, aliweka mabeseni mawili meupe chini yake. Wakala akaja, akasimama kando na kikombe chake cha chai.

Miwani alifungua boliti ya kwanza. Oili ya rangi ya asali ikajaza beseni. Akazunguka upande wa pili, akafungua nyingine. Kikatoka kijiko kimoja cha kitu cheusi kama lami, kikachuruzika, kikaisha. Ndani yake zilimetameta chembe za chuma.

Fundi aliliona beseni la pili, akauona na ule ukurasa alioukataa. Aliuona mchoro wake wote, ingawa hakuwahi kuutazama.

"Huku kwenye gia pamebadilishwa juzi," Miwani alisema. "Huku kwenye injini hapajaguswa tangu itoke kiwandani. Hii si mbio, bosi."

Wakala akaweka kikombe chini. "Nani anabadili oili ya pikipiki hii?"

Kimya kilichofuata hakikuwa kirefu. Mtu angeweza kuhesabu mpaka saba. Fundi alikuwa na neno moja tu la kusema, jepesi, hata mtoto wa chekechea hulisema akiitwa jina darasani. Lakini mbele ya neno lile lilisimama bango, na mabati mapya, na wateja, na yule mpaka rangi juu ya ngazi. Cheche alimtazama. Hakumtazama kwa kumhimiza. Alimtazama kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na wa ndani. Kisha akamgeukia Wakala.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nilitaka kuitunza mwenyewe. Nikafungua boliti moja."

"Na kitabu nilichowapa?"

"Sikukisoma."

Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekisoma, mara mbili, na kurasa za mchoro alizikunja pembe. Miwani aliinua macho. Aliitazama mikono ya Cheche, akazitazama kucha za Fundi zilizokuwa na mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni yoyote, akainamisha kichwa, akaendelea kufuta spana zake.

"Fundi, ndivyo ilivyokuwa?" Wakala aliuliza.

Mpaka hapo Fundi alikuwa amenyamaza tu.

"Mimi nilimwambia asome kitabu," alisema.

Njiani Cheche alitangulia hatua kumi mbele. Alikuwa amepokonywa namba yake ya mbio na shati lake, akaambiwa gharama ya injini ataifanyia kazi: ataosha pikipiki za wateja dukani, siku tano kwa wiki, kwa mwaka na miezi kadhaa, mpaka itimie. Wakala aliona amefanya hisani. Nyekundu yao ilikuwa imeshabomolewa. Wakitoka dukani waliipita kipande kipande kwenye rafu karibu na mlango, kila kipande na bei yake, na ule mkono wa klachi wa chuma cha kitanda ulikuwa ndani ya boksi la vya kutupwa.

"Cheche," Fundi aliita. "Tutalizungumza nyumbani."

Hakugeuka. "Hakuna cha kuzungumza. Kunyamaza nilikupa mwenyewe. Lile neno la kitabu uliliongeza wewe."

Nyumbani Mama Cheche alisikiliza habari yote akiwa na uzi mdomoni. Fundi alisimulia kama ilivyosemwa dukani: mtoto, boliti moja, kitabu hakusoma. Cheche alikuwa ameshaingia chumbani. Mama akautoa uzi.

"Rudia," alisema. "Nani alikuwa akibadili oili?"

"Nimekwambia, mtoto..."

"Fundi, mimi ndiye ninayefua ovaroli zako."

Fundi alikaa kwenye kitanda, kitanda kile kile kilichokosa chuma kimoja cha chini, kikalalamika.

"Ungetaka nifanyeje? Bango likishuka, tutakula nini? Utashona viti vya nani? Yeye ni kijana, ataanza upya. Mimi nikianguka na umri huu nani ataniokota?"

"Hayo yote anayajua. Ndiyo maana akasema ni yeye. Sikulaumu kwa kukubali kubebwa. Mimi nauliza kitu kimoja: umemwambia asante?"

"Asante?"

"Samahani najua imekushinda. Asante je?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Mama Cheche akarudi kwenye cherehani. Alikanyaga kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika, akatia nyingine.

Nafasi zilikuwa nyingi. Asubuhi, Cheche akivaa buti za mpira kwenda kuosha pikipiki. Jioni, akirudi na vidole vilivyonywea kwa maji. Siku ya shindano la nne alimwoshea mpandaji aliyepewa nafasi yake tope la magurudumuni, na mpandaji yule, msichana mwenye adabu zake, alimpa hela ya soda. Aliipokea. Fundi aliyasikia hayo kwa watu, akasema jioni atazungumza naye, na jioni alikula, akalala.

Jumamosi moja muuza nyama alimletea pikipiki ya mwanawe, ya buluu, mpya, sawasawa na ile. Jumamosi Cheche hakuwa akienda dukani. Alikuwa amechuchumaa penye beseni akifua sponji ya mteja mwingine. Wiki zote zile alikuwa akimsaidia baba yake kama zamani, isipokuwa hakumwita jina lolote. Alisema tu "chakula tayari," au "kuna mtu nje."

"Nimekuja kubadilisha oili," muuza nyama alisema. "Nimeambiwa hizi zina mambo."

"Zina boliti mbili," Fundi alisema, akilala chini. "Injini na oili yake, gia na oili yake. Mafundi wengi hawalijui hilo."

"Ndiyo maana nimekuja kwa mwenye bango! Na pole, Fundi. Nasikia binti alikuunguzia injini nzima, eti kitabu kilikuwepo na hakukisoma. Watoto hawa! Unawafundisha, masikio wameyaazimisha."

Mlangoni cherehani ilisimama. Cheche aliendelea kuiminya sponji, povu likipita katikati ya vidole. Muuza nyama alikuwa mtu wa maneno mengi. Neno ambalo lingesemwa mbele yake asubuhi lingefika sokoni kabla ya saa sita. Fundi alilijua hilo. Aliutazama upande wa chini wa injini, boliti zote mbili zikiwa mbele ya macho yake, zimesafishwa, zinang'aa.

"Yamepita hayo," alisema.

Kisha akanyoosha mkono nje, kiganja juu, kama alivyonyoosha miaka yote, bila kutaja namba. Cheche alikausha mikono kwa suruali yake. Akachagua spana, ile ile iliyotakiwa, akaiweka kiganjani.

"Shika, Fundi," alisema.

Kiganja kilibaki wazi, spana juu yake, hakikufumba.

"Eh!" muuza nyama alisema kwa furaha. "Ona heshima hiyo! Hata aliyemzaa anamwita Fundi. Wangu mimi hata shikamoo ni kwa kumdai."

Cheche alirudi kwenye beseni. Mlangoni cherehani ikaanza tena, polepole. Chini ya pikipiki, Fundi alifungua boliti ya kwanza, akangoja oili iishe kutiririka. Kisha akafungua ya pili.